Taka Ikipata Mnunuzi

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 akina mama wanne walinijia nyumbani kwangu hapa Nyarugusu, saa za jioni, jua likiwa limekwisha kupoa. Waliniamkia, wakaketi, wakakubali maji ya kunywa, wakauliza habari za miguu yangu inayonisumbua. Na baada ya hayo yote ndipo mkubwa wao akatoa neno lililowaleta. "Mwalimu, tunaomba utuandikie barua."

Barua yenyewe ilikuwa ya kwenda kwa mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kwa muda wa miaka miwili walikuwa wakichota pumba nyuma ya mashine yake bila kulipa hata senti, wakizichoma, wakizichanganya na vumbi la mkaa na maganda ya mihogo, na kufinyanga mkaa mbadala waliowauzia mamantilie wa machimboni. Mwenye mashine alikuwa akiwashukuru, maana lundo la pumba lilikuwa limemzibia njia ya gari, na kila alipolichoma moto lilifuka wiki nzima na kuwakera majirani. Sasa wafyatua matofali wamegundua kwamba pumba huivisha tanuru vizuri. Wanakuja na malori, na mwenye mashine ametangaza bei kwa kila gunia.

"Tuandikie kwa maneno ya kumlainisha," akasema yule mama.

Nilichukua karatasi, nikaandika anwani, tarehe na salamu. Hapo nikakwama. Nimeandika barua nyingi katika maisha yangu ya ualimu, za kuomba chaki, za kuomba walimu, za kuomba hata msamaha, lakini sikujua ningemwambia nini mtu yule ambacho kingekuwa haki. Kitu kilichokuwa cha bure kikipata mnunuzi, kwa nini kiendelee kuwa cha bure? Niliwaomba wanipe siku tatu. Katika siku hizo tatu nilijikuta nikirudi nyuma zaidi ya miaka sitini, kwenye mafiga ya mama yangu.

Kabla sijaenda mbali, niseme kwamba Nyarugusu ninayoizungumzia ni hii ya Geita, ya dhahabu, wala siyo ile ya Kasulu mkoani Kigoma yenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996. Barua zangu zimewahi kupotea kwa sababu ya majina haya mawili.

Nilizaliwa mwaka 1950 katika kijiji kimoja cha Shinyanga, mahali ambapo mtoto aliweza kumwona baba yake akirudi mnadani tangu angali mbali kama nukta, kwa kuwa hapakuwa na mti wa kumficha. Hali hiyo haikuletwa na Mungu. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza, ikiongozwa katika jambo hili na bwana mmoja aitwaye Swynnerton, ilianza kuwakusanya watu kwa maelfu ili kufyeka pori na kumwondoa mbung'o. Mbung'o alikimbia kwa kukosa kivuli. Ng'ombe wakaongezeka, mashamba ya pamba yakafuata, na miti iliyosalia ikaliwa na majembe na mafiga. Wazee waliofyeka pori lile walijisifu mpaka kufa kwao, na walikuwa na haki, kwani walikuwa wameona mifugo yao ikiteketea kwa nagana. Lakini hakuna aliyewauliza wake zao watapikia nini.

Wake zao walijibu bila kuulizwa. Mama yangu alipikia mavi ya ng'ombe, mabua ya mtama, magunzi ya mahindi na miti ya pamba, na kila kimoja alikijua tabia yake kama mwalimu anavyowajua wanafunzi. Mabua huwaka kwa fujo na kuzimika. Hayo ni ya uji wa asubuhi. Miti ya pamba hutoa moto wa kutosha kusonga ugali. Magunzi huanzisha moto na kuutunza. Mavi makavu huwaka polepole bila makelele, na ndiyo ya makande na maharage yanayokaa motoni nusu ya siku. Tena alichagua: yaliyookotwa malishoni, yaliyokaushwa na jua yakawa mepesi kama mkate mkavu, yalikuwa bora kuliko ya zizini yaliyokanyagwa na kuchanganyika na mkojo. Sisi watoto tulitumwa na vikapu nyuma ya ng'ombe. Moshi wake ulikuwa mkali, na macho ya mama yalikuwa mekundu daima. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo rangi ya macho ya wanawake.

Kuhusu pamba, sheria ndogo zilimtaka mkulima ang'oe masalia baada ya mavuno na kuyachoma, ili wadudu wasipate pa kulala hadi msimu ujao. Mama aliyang'oa yote kwa utii mkubwa, akayafunga mizigo, akayachomea nyumbani kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Bwana shamba alipita, akaona shamba safi, akaridhika.

Bwana shamba huyo huyo alikuwa akihubiri samadi. Kila shina la mavi linaloingia motoni, alisema, ni kibaba cha mtama kisichorudi. Alisema kweli. Udongo wa kwetu ulichoka mbele ya macho yetu. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu, "Bwana, shamba litakula kesho. Hawa wanakula leo." Nalikumbuka jibu hilo kila ninaposoma maandishi yanayosema kwamba watu wa vijijini hawajui thamani ya taka. Waliijua, walilazimika kuchagua ni tumbo gani lipewe kwanza.

Mwaka 1959 baba alihamia Geita, akifuata maelfu ya Wasukuma ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 walihimizwa na serikali kwenda kufungua nchi ya magharibi, yenye mapori na nafasi. Nakumbuka siku ya kwanza mama alipokwenda kuokota kuni. Alirudi amebeba mzigo wa magogo makavu, akautua, akacheka peke yake. Kikapu cha mavi hakikutumika tena kwa kazi ile. Kuku walitagia ndani yake. Mavi yakaenda shambani, na mihogo ya mwaka ule ilikuwa minene kama paja. Mama aliishi kwa furaha hiyo muda wa kutosha hata akaanza kuwacheka ndugu zetu wa Shinyanga waliokuja kututembelea wakinuka moshi wa zizi.

Nami nilikua na kicheko hicho hicho, na hapa ndipo penye aibu yangu.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambayo sitaitaja. Vijiji vilikuwa vimekwisha kukusanywa katika operesheni ya mwaka 1974, na watu wengi walikuwa wakichota kuni katika duara moja dogo lililozunguka kijiji, duara ambalo kila mwaka lilisogea mbali. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulikuwa umejaza madarasa. Tulipika uji wa shule, na utaratibu wangu ulikuwa kwamba kila Ijumaa kila mtoto alete kuni mbili nene. Tuliuita kujitegemea.

Ijumaa moja binti wa darasa la sita alikuja na kiroba. Nilikifungua mbele ya mstari: magunzi, vipande vya mabua na mavi makavu ya ng'ombe. Watoto waliangua kicheko. Nami badala ya kuwanyamazisha nikaongeza. Nilimwambia kwamba shule si zizi, arudi nyumbani na uchafu wake, asionekane tena mpaka aje na kuni za watu. Alikaa nyumbani siku sita.

Siku ya saba alikuja mama yake. Alipiga goti kunisalimu, kama wanavyofanya akina mama wa kwetu, akabaki hapo chini. "Mwalimu," akasema, "mimi mguu mbovu, na porini sasa ni mwendo wa nusu siku. Nilitaka tu kuuliza. Huo uji wa shule ukipikiwa mavi ya ng'ombe, hauivi?"

Sikuwa na jibu. Nilisema mtoto arudi shuleni, nikaingia ofisini. Sikuomba radhi. Mwaka uliofuata jamaa ile ilihama na ng'ombe wake kuelekea kusini, njia ya Usangu, kama walivyofanya Wasukuma wengi miaka ile, na sikupata habari zao tena.

Tangu hapo nilianza kusikiliza zaidi habari za nishati, labda kwa kutaka kulipa deni. Mwaka 1986 nilihamishiwa kwenye chuo kimoja cha ualimu, ambacho baadaye nilikuwa mkuu wake hadi kustaafu. Wakati huo biogesi ilikuwa ikizungumzwa sana. SIDO walikuwa wameijaribu nchini tangu mwaka 1975, kwa mitambo yenye pipa la chuma linaloelea, mfano wa India. Na kuanzia miaka ya 1980 kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kwa msaada wa Wajerumani, kilikuwa kikijenga mitambo ya kuba la matofali chini ya ardhi. Elimu yake ni nyepesi: mavi na maji kwa kiasi kilicho sawa huachwa mahali pasipo hewa, vijidudu visivyopenda hewa huyala na kutoa gesi inayowaka bila moshi, na kinachobaki bado ni mbolea. Nilipoelewa jambo hili la mwisho nilisisimka. Hapa, nilijiambia, ugomvi wa mama na bwana shamba umekwisha.

Tukachimba shimo. Wanachuo walijenga kuba kwa kujitolea, na siku gesi ilipowaka kwa mwali wa buluu tulipiga makofi kama watoto. Mtambo ulidumu chini ya miaka miwili. Arusha na Kilimanjaro, ulikositawi, ng'ombe amefungwa bandani na mavi yake yako mlangoni. Ng'ombe wa Usukumani hutembea kutwa nzima na kuacha mali yake kilometa kumi za mbuga. Maji nayo tulichota mbali. Mwezi wa Desemba chuo kilifungwa, wanachuo wakaenda kwao, na hakuna aliyekumbuka kwamba mtambo ni kama mnyama: haulijui neno likizo. Tuliporudi ulikuwa umekufa, na kuufufua kulihitaji maji na mavi kuliko tulivyoweza kupata. Kosa lilikuwa letu. Wataalamu walikuwa wametueleza.

Kilichofaulu kilikuwa kidogo mno hata sikukitaja katika taarifa ya mwaka. Fundi seremala wetu, mtu asiyependa maneno, alichukua debe, akalitoboa tundu ubavuni karibu na kitako, akasimamisha chupa katikati na kipande cha mti kikipita tundu la ubavuni hadi kuigusa, akashindilia vumbi la mbao kuizunguka mpaka juu. Halafu akaitoa chupa na kuchomoa mti. Akawasha kwa chini. Moto ulipanda katika lile shimo lililoachwa na chupa na kula kuta zake taratibu, saa tatu na zaidi, bila kuongezwa kitu. Pumba za mpunga nazo huwaka hivyo, ila huacha majivu mengi, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake. Wake za wakufunzi waliyatumia madebe yale kwa miaka. Hakuna mgeni aliyeletwa kuyatazama.

Wakati huo huo Shinyanga ilikuwa ikigeuka. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo baada ya kuhangaika na miche ilitambua kwamba Wasukuma walikuwa na dawa yao, ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yaokoe ng'ombe wa kiangazi. Ardhi ikipumzishwa, visiki vilivyosahaulika huchipua. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimerudi kwenye zaidi ya hekta 300,000. Dada yangu aliyebaki kule aliniambia kwamba sasa anapikia kuni, na mavi yanakwenda shambani. Nathubutu kusema kwamba hakuna jiko wala mtambo ulioyatoa mavi ya ng'ombe katika mafiga ya Usukumani kwa wingi kama miti ilivyoyatoa.

Na Geita? Geita ilikwenda upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ililegeza masharti ya biashara ya dhahabu, na wachimbaji wadogo wakamiminika. Kila duara linalochimbwa hutaka matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisimwangukie mtu. Kila kambi hutaka mamantilie, na kila mamantilie hutaka mkaa. Katika tanuru la kienyeji, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Zilizobaki zimepanda angani. Yale mapori yaliyomchekesha mama yangu yameondoka. Januari 2006 serikali ilijaribu kuupiga marufuku mkaa nchi nzima, na marufuku hiyo haikudumu hata mwezi, maana watu walitaka kula.

Basi taka zimerudi, zikiitwa jina jipya. Akina mama wangu wanne wanachoma pumba, maganda na magunzi ndani ya pipa lenye hewa kidogo, ili viwe makaa visiwe majivu. Wanaponda, wanachanganya na uji wa mhogo ili vishikane, wanashindilia kwenye kopo, wanaanika juani siku kadhaa. Mmoja wao alinidokeza kwamba msimu wa njaa huweka udongo wa mfinyanzi mahali pa uji, na mkaa wa miezi hiyo una majivu mengi, kwa sababu ule uji unanywewa na watoto. Mteja akilalamika, anamwambia hivyo hivyo. Mkaa huu hautoi moshi, lakini una hewa ya sumu isiyonuka kama mkaa mwingine wowote, na niliwaonya juu ya kulala nao ndani. Niliwaonya pia juu ya taka za kwetu sisi watu wa dhahabu. Makopo na matambara yaliyotumika kuchomea zebaki hutupwa pamoja na maganda ya ndizi, na zebaki haina rafiki.

Taka si kitu kimoja. Kule Nairobi, msanifu majengo Jim Archer alibuni Jiko la Jamii lililojengwa Laini Saba, Kibera, ambamo watu walileta taka za mtaani na kupata nafasi ya kupika. Ni wazo zuri, lakini plastiki hudai moto mkali kupita kiasi ili isitoe sumu, na moto wa namna hiyo hutaka watu wa kuulinda kila siku. Kule Pune, India, bwana Anand Karve aligundua kwamba makombo ya chakula hutoa biogesi upesi kuliko mavi, kwa kuwa vijidudu hupenda wanga. Mitambo yake midogo ilifika hata Dar es Salaam. Niliposoma habari hiyo nilijiuliza: ni nyumba ya nani maskini yenye makombo ya kutosha? Kwangu, sufuria likishuka, kuku wanatangulia. Nairobi tena, kampuni ya Chardust ilikuwa ikikusanya vumbi la mkaa kutoka kwa wauzaji na kulifinyanga upya, na vumbi lililokuwa likimwagwa mitaroni likawa bidhaa.

Hapo ndipo nilipoiona barua yangu. Mavi ya mama yalikuwa ya bure kwa sababu mwingine aliyeyataka, shamba, hakuwa na mdomo. Pumba zilikuwa za bure mpaka akina mama walipoonyesha kijiji kizima kwamba zinawaka. Wafyatua matofali hawakuzigundua katika kitabu. Walipita, wakaona moto wa wanawake. Kwa hiyo sikumwandikia mwenye mashine juu ya huruma. Niliandika kwamba kwa miaka miwili watu hawa walimzolea lundo ambalo angelipa vibarua kuliondoa, kwamba wao ndio walioipa taka yake bei, na kwamba mtu wa namna hiyo ana fungu lake, hata kama hakuna karatasi. Niliwasomea. Mkubwa wao alisema maneno ni makali kidogo. Nilipunguza makali mahali pamoja.

Alikuja mwenyewe baada ya wiki, akavua kofia, "Shikamoo Mwalimu." Tulizungumza mpaka giza. Alisema wafyatua matofali humpa fedha na akina mama humpa ahsante, na ada za watoto hazilipwi kwa ahsante. Sikuweza kumpinga. Mwishowe alikubali kwamba pumba za kila Jumatatu ziwe za akina mama bila malipo, nao wamfagilie uwanja.

Mwezi Mei mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ili ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Mitungi ya gesi imekwisha kufika hapa Nyarugusu, nami nimenunua mmoja mdogo. Unachemsha chai yangu. Makande bado napikiwa kwa mkaa wa akina mama wale. Wiki iliyopita mkubwa wao aliniletea kiroba, akanieleza kwamba Jumatatu mbili zilizopita walifika kwenye mashine alfajiri na fagio zao, wakakuta uwanja mtupu. Malori yalikuwa yamepita Jumapili usiku. Anataka tuandike barua nyingine.